Neno la Kusimamisha Mchezo

Ijumaa, 1 Februari 2013

Mazoezi tena. Leo nimesema sentensi nzima mbele ya watu na sikuzimia. Niliitwa niwe muuza samaki. Nikasema, "Samaki huyu ana hasira, mama." Wakacheka. Kicheko cha kweli, si cha kunihurumia. Nimekibeba kichwani njia nzima mpaka nyumbani.

Tulikuwa saba leo. Chumba kile kile cha juu ya duka la fundi cherehani, hapa Wakrah, huku Uarabuni. Kiyoyozi kinavuja ndani ya ndoo. Kaka Jumbe kasimama katikati na filimbi yake ambayo haipulizi kamwe. Yeye ni mtu wa mapokezi hotelini, kwao Morogoro, na ndiye aliyeanzisha kikundi. Hatuna maandishi ya kukariri. Mtu anatupa wazo, wengine wanaigiza papo hapo. Sheria yetu ni moja, ameiandika ukutani kwa kalamu nyekundu: POKEA, HALAFU ONGEZA. Mwenzako akisema wewe ni mbuzi, wewe ni mbuzi. Ukikataa umeua mchezo.

Kaka Jumbe alikataa kunichukua mpaka mzazi wangu awe chumbani. Kwa hiyo Mama huja, hukaa kwenye kiti cha plastiki, hufuma vitambaa vyake vya uzi. Anacheka kuliko wote. Naona aibu na naona fahari, vyote pamoja.

Kaka Ochieng alifanya ile yake ya taulo. Yeye ni Mkenya, mlinzi wa jengo moja kule mjini, mrefu kama mlango. Huwa anaigiza tajiri. Dada Rukia huwa hausigeli. Tajiri anafoka, anavua taulo shingoni, analirusha, linatua kichwani kwa hausigeli. Halikosi. Dada Rukia analivua taratibu, analikunja vizuri, analiweka kwapani, halafu anamjibu tajiri jibu moja linalomaliza kila kitu. Leo alimwambia, "Bosi, chai yako nimeiweka jua, ipoe na hasira zako." Fundi wa chini aligonga dari yake kwa fimbo kwa sababu ya kelele.

Mwezi ujao tuna onyesho letu la kwanza. Uani kwa Bwana Hemed, kwenye hema, familia za Waswahili. Sitaki kulifikiria.

Jumapili, 3 Februari

Shule, maana huku wiki huanza Jumapili. Maktaba wakati wa mapumziko, kama kawaida. Sikusoma. Nilikuwa nawaza jambo.

Dada Rukia ni hausigeli kweli. Yuko kwenye nyumba moja kule Wukair, analea watoto wawili. Ana nafasi Ijumaa tu, kuanzia alasiri mpaka magharibi. Anavuka wiki nzima ya kufua, kupika na kuogesha watoto wa watu, halafu anakuja kwetu tunamfanya nani? Hausigeli.

Nimejaribu kukumbuka kama amewahi kuwa kitu kingine. Hakimu, rubani, hata mbuzi. Sikumbuki. Mimi nina miaka kumi na sita na nimeshakuwa daktari wa ngamia.

Si haki.

Ijumaa, 8 Februari

Taulo tena, mara mbili. Mara ya pili Kaka Ochieng alilirusha kutoka mlangoni, mbali kabisa, likazunguka hewani, likamfunika Dada Rukia uso mzima. Chumba kikalipuka. Mama alitoa machozi. Hata mimi nilicheka. Dada Rukia naye alicheka, kwa sauti kubwa kuliko ya kawaida yake.

Halafu nikamwona mikono. Anakunja taulo, vidole vinatetemeka.

Nilimfuata kwenye ngazi. Dereva wa nyumba yao alikuwa anangoja chini, amewasha gari. Nilimuuliza kama yuko sawa. Alinitengenezea ushungi wangu, ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Niko sawa, mdogo wangu. Ila mwambie Jumbe, wiki ijayo sijui kama nitakuja. Pengine nipumzike tu."

Apumzike wapi? Chumba chake ni stoo yenye kitanda, aliwahi kutuambia mwenyewe kwa kuchekesha. Ijumaa ndiyo siku yake pekee na sisi ndio Ijumaa yake. Asipokuja kwetu hana pa kwenda.

Nina hasira na Kaka Ochieng. Nina hasira na ukuta wenye kalamu nyekundu.

Jumamosi, 9 Februari

Nimemwambia Mama. Aliacha kukaanga akanisikiliza. Alisema lile ni neno zito, si la kumwachia mtoto, twende kwa Jumbe. Nikasema hapana, nitasema mwenyewe mbele ya wote. Mama alinitazama kama nimemwambia naolewa.

Mimi ambaye nikitumwa bakala, duka la mtaani, naandika kwanza kichwani namna ya kuomba mkate.

Naogopa. Lakini nimeamua.

Ijumaa, 15 Februari

Nimeharibu.

Dada Rukia alikuja. Nilipomwona mlangoni nikajua ni leo. Kabla hatujaanza nikanyoosha mkono kama niko darasani. Kaka Ochieng akasema, "Wueh, Profesa Salha ameamka leo." Watu wakacheka. Nikasimama. Nikasema Dada Rukia asiwe hausigeli tena. Nikasema anatumika wiki nzima na sisi tunamtumikisha Ijumaa. Nikasema tunamdhalilisha. Sauti ilikuwa inakatika lakini nilimaliza.

Ndoo ya kiyoyozi tu, tone, tone.

Kaka Ochieng alikunja mikono. "Sasa hii ni nini? Mimi ni soja wa geti, na kila wiki mnanifanya bosi ama mnanifanya soja. Kuna mtu nimemwitia mkutano? Ni jokes, msee. Tunacheka ndio tusilie."

Kaka Jumbe alisema tusikilizane. Lakini aliyenimaliza hakuwa Ochieng. Alikuwa Dada Rukia. Alisimama, uso umekaza.

"Nani kakutuma unisemee? Mimi nimekuambia nadhalilika? Nimekuambia lini?"

Hakuniambia lolote. Sikumuuliza. Nilimwambia Mama, nilijiambia mimi, nilikuwa tayari kumwambia dunia nzima. Yeye sikumuuliza.

Alichukua mkoba wake akashuka. Tulisikia mlango wa chini. Dereva hakuwa amefika bado. Alisimama peke yake nje ya duka la fundi mpaka gari lilipokuja, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumfuata. Mimi niliangalia kwa dirisha.

Mama hakunigombeza njiani. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 18 Februari

Shuleni nimepata alama nzuri kwenye insha. Mwalimu ameisoma darasani. Kichwa cha insha kilikuwa "Ujasiri". Nilitaka ardhi inimeze.

Ijumaa, 22 Februari

Dada Rukia hakuja.

Tulijaribu kufanya mazoezi. Kaka Jumbe alitupa wazo la saluni. Likafa. Akatupa la harusi ambayo bwana harusi amechelewa. Likafa. Kaka Ochieng alikuwa tajiri mbele ya kiti kitupu, taulo shingoni, akafoka kidogo, halafu akaacha katikati ya sentensi na kukaa chini.

"Haichekeshi," alisema. "Ile kitu ilikuwa inachekesha ni yeye. Mimi nilikuwa nafungua tu mlango."

Nilidhani atanigeukia mimi. Hakunigeukia. Aliniuliza tu kama nina namba yake ya sasa. Nikasema Mama anayo. Mama akampigia pale pale, akatoka nayo kwenye ngazi. Aliporudi alisema kesho jioni Rukia anawapeleka watoto ufukweni hapa Wakrah. Na kwamba amesema niende. Mimi, si mwingine.

Nimeshaanza kuandaa maneno.

Jumamosi, 23 Februari

Nimeonana naye. Niandike kama ilivyokuwa, nisiongeze mapambo.

Baba alitushusha mimi na Mama, Mama akabaki kwenye benchi la mbali kwa makusudi. Dada Rukia alikuwa kwenye mchanga na wale watoto, mvulana na msichana, wanajenga kitu ambacho walisema ni hospitali. Aliponiona alinisogezea ndoo ya plastiki nikae juu yake. Nikakaa. Nikasema nisamehe kwa kukusemea. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakabaki hayo.

"Nimekusamehe. Lakini hebu nieleze, wewe unadhani kinachoniudhi ni kuwa hausigeli?"

Nikasema ndiyo.

Alicheka, akitikisa kichwa. "Mdogo wangu, yule hausigeli wangu ndiye mwenye akili katika nyumba ile. Hujaona? Watu hawamcheki yeye, wanamcheka bosi. Wiki nzima nameza maneno. Ijumaa nayatema yote. Unataka kuninyang'anya hilo?"

Nikasema basi ni nini.

Alimfuta msichana mchanga usoni. Halafu akasema ni taulo.

Nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi, kabla ya hii, ilikuwa na mama aliyekuwa anarusha vitu. Alianza na kitambaa cha jikoni. Halafu kiatu. Halafu kingine, ambacho hakukitaja, ila aligusa nyusi ya kushoto. Ana kovu pale. Nilikuwa nadhani ni la utotoni. Madamu wa sasa ni mtu mwema, alisema, hajawahi kumpandishia hata sauti. Lakini kitu kikija usoni kwake, mwili haujui hii ni nyumba ipi. "Moyo unasimama. Halafu nacheka. Siwezi kujizuia, nacheka tu. Hata kule nilikuwa nacheka."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Si mmeandika ukutani? Pokea. Nikapokea."

Watoto walibishana kuhusu mlango wa hospitali, akawasuluhisha kwa Kiarabu chake kilichochanganyika na Kitanga.

Nilimuuliza, safari hii nilimuuliza, anataka nifanye nini. Akasema atakuja Ijumaa na atasema mwenyewe. Wakimwelewa atabaki. Wakibisha, basi, hatarudi tena, hata akiitwa. Mimi nisiseme neno. "Wewe kaa karibu yangu tu. Ukikaa karibu nitaanza."

Hiyo kazi naiweza. Kukaa kimya karibu na mtu. Nimeifanyia mazoezi maisha yangu yote.

Ijumaa, 1 Machi

Amesema.

Nilivuta kiti changu mpaka kikagusana na chake. Aliongea akitazama ndoo ya kiyoyozi. Hakueleza yote aliyonieleza mimi. Alieleza ya kutosha. Alisema bosi wa Ochieng anampenda, hausigeli wake anampenda, matusi ya mchezo anayapenda, hata arushiwe maneno mazito kiasi gani. Ila kitu kisimjie usoni. Basi. Hakulia. Sikumtazama, lakini bega lake lilikuwa linagusa langu na lilikuwa limetulia.

Nilimwogopa Kaka Ochieng. Niliona taya linacheza. Nikajua sasa atasema ni jokes.

"Mbona hukuniambia, siste? Mara ya kwanza tu."

"Ningekuambiaje? Sheria ni kupokea. Ningeua mchezo."

"Afadhali ungeua." Aliinama, viwiko magotini, mtu mrefu vile akawa mdogo. "Manze. Nimekurushia miezi mingapi hiyo kitu. Na nilikuwa najipigia makofi."

Hakujitetea zaidi. Alisema pole. Alisema mara moja, kwa heshima, halafu akanyamaza. Mimi nimesoma vitabu vingi vyenye watu wanaoomba radhi kurasa nzima. Hii ilikuwa bora.

Kaka Jumbe alisimama mbele ya ukuta wake muda mrefu. Kisha akasema yeye ndiye aliyeandika lile neno na hakufikiria mtu anaweza kujeruhika ndani yake. Hakulifuta. Aliuliza tufanye nini. Tukaanza kubishana kwa furaha kama zamani. Mwishowe tumekubaliana mambo mawili.

Moja tumeliita "sio leo". Kabla ya mchezo tunakaa duara, kila mtu anasema kitu ambacho leo asifanyiwe. Haelezi sababu. Haulizwi. Wiki ijayo anaweza kubadilisha.

La pili ni neno. Yeyote akiinua kiganja na kusema "Simama", kila kitu kinasimama. Hata kama watu wanacheka. Hata kama ni mzaha mzuri kuliko yote duniani. Hakuna kuuliza kwa nini. Aliyesimamisha ndiye anayesema tuendelee au tusiendelee.

Tukaijaribu hapo hapo. Dada Rukia: "Sio leo, kurushiwa kitu." Kaka Jumbe: "Sio leo, habari za nywele zangu," watu wakaanza kucheka, yeye hakucheka, tukanyamaza. Kaka Ochieng: "Sio leo, kuniuliza nitaenda nyumbani lini." Sikujua kama hilo linamuuma. Kila wiki kuna mtu humuuliza.

Zamu yangu. Nilijua langu tangu zamani bila kujua kwamba linaruhusiwa. Nikasema, "Sio leo, kusukumwa mgongoni niingie. Nitaingia mwenyewe."

Hakuna aliyenisukuma. Na niliingia mwenyewe. Nilikuwa mama mkwe wa tajiri. Nilimwagiza Kaka Ochieng anioshee miguu, akasema, "Ndio, mama, na maji ya vuguvugu?" Mama yangu alidondosha uzi.

Tulifanya mazoezi ya kusimama pia. Kila mmoja alisimamisha mchezo mara moja ili mdomo uzoee. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Kicheko kinakuvuta.

Rukia anabaki. Nina furaha hata mkono unaenda haraka kuliko mawazo.

Jumatano, 6 Machi

Mtihani wa hisabati. Umepita, sijui umepita vipi.

Habari za onyesho zimesambaa. Mama anasema kazini kwake, idara ya kufua, wote wanakuja. Na wote wanataka "ile ya taulo". Bwana Hemed mwenyewe amempigia Kaka Jumbe kumkumbusha kwamba isikosekane, ameshawaahidi wageni. Kaka Ochieng amejibu kwamba bosi atakuwepo, atafoka mpaka hema lianguke, lakini harushi kitu.

Mtu mmoja akamwambia, ah, mara moja tu, mbele ya watu, Rukia ataelewa. Kaka Ochieng alisimulia haya kwa Mama kwenye simu na nilisikia sauti yake. Alikuwa ameudhika. Lakini pia alisema, "Mama Salha, mkono wangu umezoea. Naogopa mkono wangu."

Na mimi nauogopa.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na hema.

Hema lilijaa. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, watoto mbele kwenye mikeka. Harufu ya pilau na udi. Baba alikuwa mstari wa tatu, bado na sare yake ya udereva, na tabasamu la mtu anayemwogopea mwanawe. Sisi nyuma ya pazia tulikaa duara letu, tukasema sio leo zetu kwa kunong'ona. Dada Rukia alisema ile ile.

Saluni ilienda vizuri. Harusi ilienda vizuri zaidi. Halafu bosi na hausigeli. Kaka Ochieng alipotokea na taulo shingoni tu, kabla hajasema neno, watu wakaanza kupiga makofi. Mimi nilikuwa ndani ya mchezo tayari, mama mkwe, kwenye kiti, miguu juu ya stuli.

Ilikuwa nzuri. Niseme ukweli, haijawahi kuwa nzuri vile. Dada Rukia alikuwa anajibu haraka, kila jibu lina meno. Bosi akauliza kwa nini shati halijapigwa pasi. "Nimelipiga, bosi. Mikunjo unayoiona ni ya kwako." Mzee mmoja alikuwa anapiga meza kwa kiganja. Watu wakaanza kuita, "Taulo. Taulo." Kwanza vijana wawili, halafu upande mzima. Kaka Ochieng alikuwa katikati ya kelele hizo, jasho linamtoka, anacheka, na mkono ukapanda wenyewe. Niliuona. Ulivuta taulo, ukalirusha.

Lilimpiga shavuni, likaanguka begani.

Kicheko kilikuwa kikubwa kama kitu kinachoanguka. Dada Rukia alianza kucheka. Kile kicheko kingine. Kisha akakikata. Akainua kiganja.

"Simama."

Hakusema kwa nguvu. Sisi tulisikia. Kaka Ochieng alishusha mkono wake papo hapo, akarudi hatua nyuma, akabaki amesimama na mikono mbavuni. Hakuwa bosi tena. Alikuwa na kicheko cha maisha yake mbele yake na alikiacha. Mimi nilishusha miguu kwenye stuli.

Watu hawakuelewa. Waliendelea kucheka, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Halafu kicheko kikapungua, kikawa vipande. Mtu akaita, "Endeleeni bwana." Mwingine, "Amesahau maneno." Nilimtafuta Kaka Jumbe pembeni ya pazia, ilikuwa kazi yake kusema, lakini alikuwa upande wa mbali, anahangaika na nyaya za spika. Dada Rukia alikuwa ameangalia chini, anavuta pumzi. Mtu alipaswa kuwazuia watu wasimvute arudi mchezoni.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Niongee nao?" Akaitikia kwa kichwa.

Nikasimama. Nikageuka. Nyuso zote zile.

"Mwenzetu amesimamisha mchezo," nikasema. "Kwetu mtu akisimamisha, tunasimama. Akiwa tayari tutaendelea. Tunaomba mtusubiri."

Kijana mmoja akauliza, "Hiyo ni ya mchezo au ya kweli?"

"Ya kweli."

Hema lote likanyamaza. Sikuwahi kujua kwamba naweza kunyamazisha kitu chochote. Nilibaki nimesimama kati yao na Dada Rukia kwa sababu sikujua nikae wapi.

Nyuma yangu nilimsikia Kaka Ochieng. "Ni kosa langu, siste. Ukitaka tufunge, tunafunga." Bila mzaha hata chembe.

Dada Rukia alilivua taulo begani. Hakulikunja. Alitembea nalo mpaka ukingoni akamkabidhi Kaka Jumbe, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Akarudi. Akajinyoosha. Nilimwona anakuwa mrefu.

"Tuendelee," alisema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, nzito, ya mtu mwenye funguo nyingi: "Mnafanya nini sebuleni kwangu? Mimi ndiye mwenye nyumba. Nimerudi safari."

Kaka Ochieng alipokea. Alipokea kwa mwili mzima. Uso ulimwanguka, akapiga magoti kwenye zulia. "Shikamoo mama mwenye nyumba. Nilikuwa nawaonyesha wageni."

"Wageni gani? Na huyu bibi aliyepandisha miguu kwenye stuli yangu?"

Mimi. Nikasema, "Mimi simjui huyu kijana. Nilikuja kuuza samaki."

Nilidhani hema litaanguka. Mzee wa meza aliinuka kabisa kwenye kiti. Baba, Baba yangu anayecheka kwa pua tu, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Dada Rukia alimfanya Kaka Ochieng apige pasi shati la hewa, kola kwanza, huku akimsimamia, na kila alipokosea alimwambia, "Rudia, mwanangu, hatuna haraka, umepanga hapa bure muda mrefu."

Tulipoinama mwisho, watu walisimama. Hakuna aliyeitisha taulo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka na sauti imekauka.

Bwana Hemed alimwambia Baba jana kwamba alidhani onyesho limeharibika, halafu akaona halikuharibika. Wapo walionung'unika. Mwanamke mmoja alimwambia Mama kwamba tulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Mama akamjibu kwamba ukubwa wa jambo anaujua anayepatwa nalo. Halafu akaenda kumchotea pilau. Huyo ndiye mama yangu.

Nina fahari. Nataka kuandika hivyo tu bila kuona haya. Nina fahari na Dada Rukia aliyeinua mkono mbele ya watu wote wale. Nina fahari na Kaka Ochieng aliyeshusha wake. Na mimi kidogo. Si kidogo. Na mimi.

Ijumaa, 15 Machi

Vumbi leo. Anga la rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa wachache, wengine wamekwama kazini.

Amekuja mtu mpya. Anaitwa Prossy, Mganda, anafanya kazi nyumbani kwa watu kule Wukair, nyumba ya jirani na ya Dada Rukia. Alikuwa kwenye hema wiki iliyopita, alikaa nyuma kabisa. Amekuja na gari lile lile la Dada Rukia. Kiswahili chake ni cha taratibu, anachagua neno moja moja.

Tulikaa duara. Kila mtu akasema lake. Zamu yake ilipofika Dada Rukia alimweleza kwa upole kwamba anaweza kusema chochote, na hatuulizi sababu.

Prossy alifikiri muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia.

"Sijui bado," alisema.

"Basi haidhuru," Dada Rukia akamwambia. "Leo tazama tu."

Akatazama. Tulifanya ya kinyozi asiyeona vizuri. Alicheka mara mbili, mkono mdomoni.

Wakati tunapanga viti ukutani alimsogelea Dada Rukia akamwambia jambo sikioni. Fupi. Dada Rukia alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa karibu, nimebeba viti viwili. Sikusikia, na sikuuliza. Nikavipeleka viti mahali pake.